Sifa za Krosi Iliyokufa

Jijini Dar es Salaam vimesifiwa vitu vingi visivyostahili. Yamesifiwa magari yenyewe, hizo Land Cruiser na Land Rover Defender zinazopishana Barabara ya Haile Selassie zikiwa na snokeli za kuvukia mito, ilhali mto pekee zinaouvuka ni ule unaojitokeza Msasani masika yakikolea. Krosi ya propela hakuna aliyeisifu. Ni kijimsalaba cha chuma kinachoenea kiganjani, mikono minne, kila mkono umevikwa kikombe chenye beringi nyembamba kama sindano, na kazi yake ni kupeleka nguvu ya injini kwenye difu kupitia propela, yaani shafti iliyolala mshazari. Nashikilia kwamba krosi inastahili sifa, hasa ikishakufa na kuanza kutafutwa, kwa kuwa ndiyo inayomlazimisha mwenye gari la fahari ajue anamiliki nini.

Msifiwa hutajiwa nasaba kwanza, na nasaba ya krosi si ya kubahatisha. Watu wa Ulaya huipa jina la Gerolamo Cardano, tabibu na mwanahisabati wa Italia wa karne ya 16. Robert Hooke wa Uingereza akaandika habari zake mwaka 1676. Na mwaka 1903 Mmarekani Clarence Spicer akapata hataza ya kuifunika isiingiwe na uchafu, magari yakaanza kuachana na minyororo. Ina aibu moja ya kuzaliwa nayo. Ikifungwa peke yake kwenye shafti iliyolala mshazari, upande wa pili hauzunguki kwa mwendo mmoja: katika kila mzunguko huharakisha mara mbili na kuchelewa mara mbili. Dawa ni krosi nyingine kwenye ncha ya pili, ikae mkao uleule, ili kosa la hii lifute kosa la ile. Ndiyo maana fundi makini hupiga alama ya patasi kabla ya kufungua propela, na fundi mwenye haraka humrudishia mteja gari linalotetemeka kama mgonjwa wa malaria. Ndoa ngapi mjini zina mpango mzuri kama huo?

Krosi hufa kimyakimya. Grisi hukauka, chumvi ya bahari na mchanga vikafanya kazi yao, hata siku moja unaingiza gia ya nyuma na chini ya miguu panagonga "kang!" Hapo ndipo vioo vyeusi vinaposhushwa na mwenye navyo kuelekea Gerezani, Kariakoo, ambako muuzaji hana haja ya jina la gari wala cheo cha mteja. Anataka sampo, yaani krosi yenyewe iliyokufa. Ana haki, maana krosi ya Defender yenye namba RTC3346 ina vikombe vya milimita 27 na upana wa milimita 75, na ndugu yake ana vikombe vilevile vya 27 lakini upana ni 82. Kwa macho ni mapacha. Kibandiko cha ubalozi kwenye kioo hakiwezi kuzifuta zile milimita saba. Kalipa ya kupimia ndiyo inayoamua, na mtu aliyeishi na gari miaka kumi akidhani analijua huanza siku hiyo kusoma herufi zake za kwanza.

Atatokea mwerevu aseme: mbona kuna namba ya chesesi? Itume Dubai, krosi ije na ndege. Ushauri huo unalifaa gari lililobaki kama lilivyotoka kiwandani. La miaka ishirini hapa kwetu huenda limebadilishwa giaboksi na difu, na propela yenyewe imekatwa na kuchomelewa upya. Chesesi husimulia kiwanda. Krosi husema lililopo leo. Mwingine atalalamikia mizunguko na foleni. Daraja la Tanzanite, lililozinduliwa mwaka 2022 lenye urefu wa kilomita 1.03, limempunguzia mtu wa Msasani sehemu ya safari; foleni ya Kariakoo sina utetezi wake.

Pingamizi zito ni la feki. Krosi ya chuma laini kwenye boksi la kupendeza ikikatika kwa mbele gari likiwa kwenye mwendo, propela inaweza kuchimba lami na kuliinua gari lenyewe. Hapo sifa zangu zinapungua ukali, nakiri. Ila anayeumizwa zaidi na feki ni yule anayenunua boksi. Aliyekwisha kufundishwa na krosi hulifungua boksi palepale dukani, akazungusha kila kikombe kwa kidole na kusikiliza kama kinakwaruza. Na kama ni ya mtumba, hukivua kikombe, akapitisha ukucha kwenye mkono wa msalaba kutafuta mifereji iliyochimbwa na beringi. Ukucha ukinasa, anairudisha, hata kama ni mali ya Japani.

Kwa hiyo ndugu msomaji wa Msasani, ukisikia ile "kang!", usimtume dereva. Mwambie fundi aitoe krosi mbele yako, uende nayo mwenyewe na grisi yake. Izungushie gazeti, maana rambo zilipigwa marufuku tangu Juni 1, 2019.