Bomba la Mjomba

Asubuhi ya siku ya gulio, hapa Hedaru, mjomba alinikuta nimeinamia kompyuta ya dukani, jasho likinitiririka, akaniuliza kulikoni. Nami, pasipo kufikiri, nikamjibu kwamba bomba halitoi. Akaondoka kimya, akarejea na spana na kipande cha waya.

Sharti nieleze. Mjomba hununua maharage yashukayo mlimani, nami, kwa ghururi ya mtu aliyesoma kidogo, nilikuwa nimemtungia programu mbili: ya kwanza isome uzito wa kila gunia mizanini, ya pili iupokee, ipige hesabu na kuchapa risiti, na baina yao nikaweka lile liitwalo bomba, ambalo Ken Thompson alilitia katika mfumo endeshi wa Unix mwaka 1973 kwa kushikiliwa na mkuu wake, Douglas McIlroy, aliyetamani tangu 1964 programu ziungane kama mipira ya kumwagilia bustani. Ajabu ni kwamba programu ya kwanza, nikiiendesha peke yake, ilitoa mistari yake kiooni papo hapo. Nikiiunganisha na mwenziwe, kimya, kama wakwe waliokutana njiani. Nikachomoa nyaya na kuzichomeka, nikaiwasha mashine upya mara tatu, hata, Mungu anisamehe, nikaipiga printa kofi. Magunia yakaanza kuingia, nikaziacha programu ziendelee hivyo hivyo, mjomba naye akaandika kwa penseli juu ya karatasi ya mfuko wa saruji.

Magharibi nikaiamuru programu ya mizani ifunge kazi. Hapo printa ikashtuka, ikatapika risiti 34 mfululizo, za watu waliokwisha kulipwa zamani na kupanda mlima.

"Kumbe yangoja ijae," akasema mjomba, spana ingali mkononi. "Kama ndiva."

Na ndivyo. Ndiva zetu Wapare hukusanya maji ya mfereji usiku kucha, yakafunguliwa asubuhi kwenda mashambani. Na programu, ionapo kwamba inaandika bombani wala si kiooni, aghalabu hulimbikiza maneno yake hata yatimie baiti 4096, au ifungwe, ndipo iyamwage. Mstari wangu ulikuwa baiti 16: ingetupasa kupima magunia 256 kabla ya risiti ya kwanza, na siku kama hiyo mjomba hajapata kuiona. Nikaongeza amri moja tu, ya kumwaga kila mstari uandikwapo. Kazi ya dakika moja, ambayo sikuthubutu kumtajia urefu wake.

Zile risiti 34 mjomba alizikusanya zote, na kesho yake nikamkuta akiandika madeni migongoni mwake, kwa penseli ile ile.