Kinanda, Mvumo na Sauti ya Nahodha

Mtu akitia nia ya kujenga studio ndogo katika chumba cha uani hapa Kibiti, hudhani azma hiyo ni yake peke yake, mpaka siku atakapotamka hadharani habari ya kadi ya sauti. Ndipo atakapobaini kwamba kila aketiye barazani, awe mvuvi wa kamba, mkata boriti za mikoko au dereva wa bodaboda, ana rai thabiti juu ya chombo ambacho hajapata kukiona. Ami yangu, aliyeumalizia ujana wake Dar es Salaam enzi za mchiriku, alishikilia kwamba kadi ni israfu tupu, kwani Jagwa Music, kundi la muziki huo, walikitia kinanda chao kidogo cha Casio katika vipaza sauti vikuukuu, wakakesha nacho mitaani, na mwaka 2012 sahani yao ikatolewa na kampuni ya Ubelgiji, wala hakuna aliyewauliza kadi. Hoja hiyo sijapata kuijibu hata leo.

Lakini kadi iliyomo ndani ya kompyuta haikuundwa kwa ajili ya mpiga kinanda. Programu huikusanya sauti mafungu mafungu kabla ya kuiachia, na kwa kipimo cha sampuli 44,100 kwa sekunde, fungu la sampuli 1,024 huchelewa milisekunde 23, jambo linalostahimilika kwa taabu; ya kwangu, kwa jinsi ilivyojikokota, ilifika sehemu moja ya kumi ya sekunde, na kwa kuwa sauti huenda hewani mita 340 hivi kwa sekunde, ilikuwa sawasawa na kubonyeza kinanda chumbani kisha kukisikia kikilia mita 34 mbali, yaani kwa jirani, na jirani mwenyewe hapendi muziki.

Muuzaji mmoja wa Kariakoo, ambaye kwa ufasaha wake angeweza kumuozesha mtu mke asiyekuwepo, aliniapia kwamba kijidude cha USB chenye ukubwa wa kidole gumba kingenitosha. Kilikuwa na matundu mawili tu, la maikrofoni na la hedifoni, na kinanda kilipochomekwa katika lile la kwanza kikakoroma. Fauka ya hayo ukazuka mvumo usiokoma, kwa sababu umeme wetu ni wa hezi 50, na waya wa ardhini katika nyumba zetu aghalabu ni kitu cha kuaminiwa pasi na kuonekana. Ami akautafuta mvumo ule kwenye kinanda, akaukuta jirani ya G ya chini kabisa, yenye hezi 49, akatoa shauri kwamba nyimbo zote za studio zitungwe katika G, na umeme uhesabiwe kuwa mpiga besi. Taabu ni kwamba mpiga besi huyo yuko juu kidogo ya sauti, na hasahihishiki.

Alhasili kadi ndiyo ya kugharimia: iwe na matundu mawili ya laini, la kushoto na la kulia, na dereva yake ya ASIO, ya kupunguza kule kuchelewa, mvumo nao mara nyingi hunyamaza kompyuta ikiendeshwa kwa betri.

Katika sampla, chombo cha kunasa sauti na kuipiga kwa kinanda, ubahili unaruhusiwa. Niliazima Casio SK-1, chombo cha katikati ya miaka ya 1980 kinachonasa sekunde 1.4 za sauti na si zaidi, nikakipeleka Nyamisati kwa nahodha mmoja mzee wa majahazi ya Mafia, nikitaka ule ukelele wake wa kutweka tanga. Yeye akaona si adabu mtu mzima kupiga ukelele kabla ya kusalimu, na salamu zake ni ndefu kama Mto Rufiji. Tukapata "Hamjambo wote na wa", basi. Na kwa kuwa sampla ya namna ile huipandisha sauti kwa kuiharakisha, nilipobonyeza upande wa kulia, salamu ile ilitoka kitoto mno.

"Mwanangu, huyo anayelia humo ni nani?"

"Ni wewe, nahodha."

"Mimi sijapata kuwa mtoto mbele za watu. Nifute."

Nikamfuta. Baada ya alasiri akarejea na shemejiye, ambaye ana mzozo naye wa miaka juu ya nyavu za kamba, akamkalisha kwa heshima zote mbele ya maikrofoni, kisha akaniinamia sikioni: "Huyu mtie. Halafu ubonyeze kile cha mwisho kabisa, huku juu."