Tabibu Wengi, Mgonjwa Mzima

Katika neema zote ambazo binadamu hupewa bila ya kuziomba, nasaha ndiyo igawiwayo kwa ukarimu mkubwa kuliko zote, kwa sababu mtoaji hapungukiwi na kitu anapoitoa, na mpokeaji hana pa kuirudisha isipomfaa. Mtu aweza kukaa na njaa mtaani asijulikane, na akadaiwa kodi asiulizwe hali. Walakini akionekana tu anafungua kasha lenye nyaya ndani yake, majirani watamjia kutoka kila ngazi, kila mmoja na elimu yake mkononi, na hatarudi kwao hata mmoja mpaka awe ameiacha elimu hiyo ndani ya kasha. Kanuni hii niliisomea nyumbani kwangu, katika ghorofa za Michenzani hapa Unguja, siku mpwa wangu alipounda kompyuta yake.

Kijana huyo hakuwa mtu wa pupa. Vitu vyake alivikusanya taratibu, kwa fedha za kudunduliza, na kila kimoja kilikuwa na safari yake: ubao mama, prosesa na vijiti vya kumbukumbu vilitoka Bur Dubai, ambako barabara ya Khalid bin Al Waleed inajulikana kwa maduka ya kompyuta, vikaja ndani ya sanduku la shemeji yangu vimezongwa kanga na mashuka, kasha na feni zilitoka Kariakoo, zikavuka kwa boti, na skrini aliinunua hapa hapa mjini kwa mtu aliyekuwa akihama. Siku ya kuunda alitandika kitambaa juu ya meza ya kulia, akaondoa kila kilichoweza kumwagika, na kabla ya kushika chochote akagusa chuma cha kasha, ili umeme tuli uliokaa mwilini mwake usije ukaruka na kuunguza kitu ambacho jicho halikioni. Prosesa aliilaza mahali pake bila ya kuikandamiza, akatia tone la dawa ya kupitisha joto, akafunga feni juu yake. Akahesabu vijiguu vya shaba vinavyouinua ubao mama usigusane na chuma, kwa kuwa kijiguu kimoja kikikaa pasipo tundu lake huweza kuunganisha njia zisizotakiwa kuungana. Akachomeka waya mnene wenye pini 24, na ule mwingine wa pini 8 ulio karibu na prosesa, ambao aghalabu husahauliwa na wanaoanza kazi hii. Kisha akavitia vijiti viwili vya kumbukumbu katika nafasi ya pili na ya nne, kama ubao ulivyoelekeza, mpaka vikalia ‘ta’. Nilikuwa nimekaa kando na kikombe changu cha kahawa, na nashuhudia mbele ya hadhara ya wasomaji kwamba katika kazi yake sikuona dosari.

Akabonyeza swichi. Feni zikazunguka, taa za rangi mbali mbali zikawaka ndani ya kasha, lakini skrini ikabaki nyeusi. Pembeni mwa ubao mama palikuwa na vitaa vinne vidogo, cha prosesa, cha kumbukumbu, cha kadi ya picha na cha diski, ambavyo kazi yao ni kuonyesha mashine imefika wapi katika kujikagua. Na kati ya hivyo kimoja tu, cha kumbukumbu, kilikuwa kimewaka rangi ya manjano, kikatutazama bila ya kupepesa. Mpwa wangu akafungua kinywa kusema neno, nami sijui mpaka leo lilikuwa neno gani, kwa sababu wakati huo huo mlangoni pakapigwa hodi.

Wa kwanza kuingia alikuwa jirani yetu fundi wa redio, mzee mstaafu ambaye masikio yake yamesikia vyombo vingi vikifa na vingi vikifufuka. Aliinamisha sikio juu ya kasha, akasikiliza, kisha akainuka na uso wa msiba. ‘Hailii,’ alisema. Akatueleza kwamba tangu kompyuta ya IBM ya mwaka 1981, mashine nzima ilikuwa ikijikagua na kumaliza kwa mlio mmoja mfupi, na iliyo gonjwa ikatoa milio ya namna nyingine, mirefu na mifupi, ambayo fundi huisoma akajua ni kiungo gani kinachouma. Sasa hii yetu ilikuwa kimya kabisa, na mgonjwa asiyeweza hata kupiga kite hali yake ni mbaya. Mpwa wangu akamjibu kwa heshima kwamba mbao mama nyingi za siku hizi haziuzwi na spika, ndiyo sababu zikawekewa vitaa. ‘Naam,’ akasema mzee, ‘zimenyang'anywa ulimi,’ na akaomba kifutio.

Kifutio cha penseli, kikipitishwa juu ya meno ya kijiti cha kumbukumbu kilichoshika uchafu, ni tiba yenye ithibati kwa vyombo vilivyozeeka katika hewa yetu ya chumvi. Vyetu vilikuwa vimetoka katika pakiti saa ile. Hata hivyo mashine ilizimwa, vijiti vikachomolewa, vikafutwa, vikapulizwa, vikasomewa bismillahi, vikarudishwa, na swichi ikabonyezwa. Feni zikazunguka, kitaa kikawaka, skrini nyeusi.

Habari ya kushindwa hupanda ngazi upesi. Akaja dereva wa daladala, akauliza betri iko wapi, na alipoonyeshwa ile ya duara, ya volti 3, iliyokaa ubaoni ili kuhifadhi saa na mipangilio wakati mashine haina umeme, alicheka kwa huruma, akaamuru ichomolewe ‘ivute pumzi’. Nayo pia ni tiba ya haki, kwa kuwa kuichomoa kwa dakika chache huifanya mashine isahau mipangilio yake na kuanza upya. Na kuanza upya ndiko ilikofanya, kwa utii mkubwa, na skrini nyeusi vile vile.

Kisha akashuka mzee wa ghorofa ya juu, aliyefanya kazi ya umeme tangu ujana wake, ambaye kasha hakuliangalia hata kidogo, aliangalia ukuta. ‘Vitu vya Dubai,’ alisema, ‘vimezoea umeme wa Dubai.’ Mpwa wangu akamwambia kwamba umeme wa huko na wa huku ni wa volti 220 hadi 240, mizunguko 50 kwa sekunde, na hata plagi ni ile ile ya meno matatu mapana. Mzee akatafakari. ‘Hesabu ni moja,’ akakubali, ‘lakini tabia ni mbali mbali.’ Basi akapanda kwake, akachomoa stabilaiza ya friji yake, akaishusha ameikumbatia kifuani, na nyuma yake ikashuka sauti ya mkewe ikiuliza samaki wa kesho atalindwa na nani. Mashine ikazimwa, ikaunganishwa, ikawashwa. Umeme ukawa na tabia njema, na skrini haikuwa na habari hiyo.

Bi Mkubwa wa ghorofa ya chini hakuhitaji kuiona mashine ili ayajue maradhi yake. Kijana amepokea sanduku la Dubai mchana kweupe, mbele ya macho ya mtaa mzima, bila ya sitara. Ugonjwa gani tena unaotafutwa? Akaja na chetezo cha ubani, akakiweka chini ya meza, na feni za kompyuta zikauvuta moshi wote ndani ya kasha na kuutoa kwa nyuma, zikausambaza sebuleni, chumbani na jikoni kwa usawa ambao mkono wa binadamu haujawahi kuufikia. Kwa insafu, hiyo ndiyo tiba pekee siku ile iliyoleta natija, maana nyumba ilinukia vizuri. Lakini mtu mmoja akahofu moshi utadhuru umeme, akaizima mashine. Na mwingine akahofu kuikatiza dawa, akaiwasha. Mwisho akaja kijana wa kutengeneza simu, akashauri mashine ifomatiwe, yaani yafutwe yote yaliyomo, ilhali ndani yake hamkuwa na kitu bado.

Nilikaa na kahawa yangu iliyokwisha kupoa, nikawatazama wema hawa. Wa redio aliyaona maradhi katika sauti, wa gari katika betri, wa umeme katika ukuta, Bi Mkubwa katika macho ya watu, na kijana wa simu mahali ambapo kidole chake kimezoea kugusa. Walihitilafiana katika kila jambo ila moja: kila tiba ilianza kwa kuzima.

Ndipo akaingia Maalim, ambaye kompyuta haikumhusu, kwani alikuja kumsomesha mdogo wake mpwa wangu, binti wa darasa la nne, kama ilivyo desturi yake ya jioni. Binti akaleta daftari lake, na juu ya jalada palikuwa na karatasi mpya ya kung'aa, imebandikwa kwa ustadi, yenye maandishi madogo ya Kiingereza na picha ya kijiti cha kumbukumbu. Maalim, ambaye maishani mwake hajaweza kuona maandishi akayapita, alivaa miwani akasoma. Kisha akaomba radhi kwa hadhara, akauliza kama yupo mtu anayependa kujua daftari hili linasema nini. Binti alieleza kwamba karatasi ile aliiokota ndani ya boksi la ubao mama, ikiwa imebanduka yenyewe kwa joto la safari, na kwa kuwa hakuna aliyeitaka, yeye aliihurumia.

Karatasi ilisema kwamba mashine inapowashwa mara ya kwanza, au baada ya vijiti vya kumbukumbu kuchomolewa, au baada ya mipangilio kufutwa, itakaa kimya kwa dakika kadhaa, na kwamba katika muda huo isizimwe. Sababu yake ni ya ajabu na ni ya kweli. Kumbukumbu za aina ya DDR5, ambazo kanuni zake zilitangazwa mwaka 2020, hupokea na kutoa habari kwa kasi isiyozoeleka na akili: vijiti vya mpwa wangu vilikuwa vimeandikwa 6000, maana yake kila njia ya mawasiliano hubeba ishara milioni 6000 kwa sekunde moja, na katika nafasi ya ishara moja nuru yenyewe, pamoja na sifa zake zote, haiendi zaidi ya sentimita 5. Kwa mwendo huo, tofauti ndogo kabisa baina ya njia moja na nyingine yatosha kuichelewesha ishara hata ikasomwa siyo. Kwa hiyo prosesa na vijiti vikutanapo mara ya kwanza hukaa faragha vikijaribiana: huyu anatuma, yule anajibu, wakati unasogezwa mbele kidogo, nyuma kidogo, nguvu ya umeme inapimwa, mpaka mafunzo yatimie na mapatano yapatikane, na yakisha kupatikana huandikwa, ili siku za mbele mashine iwake upesi.

Sasa msomaji na arudi nyuma aitazame siku yetu. Kifutio kiliyakatiza mafunzo yale, betri ikayafuta, stabilaiza ikayakatiza tena, na hofu ya moshi ikayarudisha kwenye alifu. Yule tuliyemwita mgonjwa alikuwa mwanafunzi, na kila alipofika katikati ya somo alitolewa darasani akatibiwe.

Maalim akaamuru mashine iwashwe, kisha kila mtu akae mbali na meza, mikono mapajani. Sijapata kuona adhabu kubwa kuliko hiyo ikitolewa kwa watu wema. Fundi wa redio alikifikicha kifutio mpaka kikaanza kupukutika. Mguu wa dereva ukakanyaga mafuta yasiyokuwapo. Mzee wa umeme aliikodolea macho sindano ya stabilaiza. Bi Mkubwa akavuta tasbihi kwa mwendo ambao malaika wenyewe wangetaka nafasi ya kuandika. Ili kuufupisha muda wakaanza mazungumzo. Fundi wa redio alikumbuka kwamba redio za valvu nazo zilikuwa zikingojwa zipate moto kabla hazijasema, na mwenye kuzigusagusa hakusikia kitu. Dereva akasema hata injini ya dizeli, asubuhi, huingoji mpaka kitaa chake kizimike ndipo upige stati? Na Bi Mkubwa akauliza ni mwanamke gani mwenye akili anayefunua wali alioupalia makaa. Kisha wote wakanyamaza, wakatazamana.

Subira, ambayo wahenga waliiita ufunguo wa faraji, nadhani hufungua mlango wa kazi ile tu ambayo mtu amekwisha kuijua. Ndani ya kazi yake mwanadamu hungoja kwa utulivu wa kustaajabisha, kwa sababu anajua nini kinapita katika kimya kile. Akivuka kizingiti akaingia katika kazi ya mwenziwe, kimya kile kile humtia kiwewe, na mikono yake hutafuta la kufanya kabla akili haijauliza. Laiti ubao mama ungeandika mbele yetu asilimia 10, asilimia 20, hata kwa uongo, sote tungeagiza chai.

Kitaa cha manjano kikazimika, cha pili yake kikawaka na kuzimika, na skrini ikafunua ukurasa wa mipangilio, ukiitaja prosesa kwa jina lake na kumbukumbu kwa ukubwa wake kamili, gigabaiti 32. Bi Mkubwa akapiga kigelegele, na hapo ugawaji wa sifa ukaanza. Fundi wa redio alisema kwamba kifutio huchelewa kufanya kazi. Dereva akasema betri sasa imepumzika vya kutosha. Mzee wa umeme aliionyesha stabilaiza bila ya kusema neno. Na Bi Mkubwa akauliza ubani umewahi kushindwa lini. Kijana wa simu alirudia kwa unyenyekevu kwamba sasa ifomatiwe, na safari hii alikuwa na haki, maana diski mpya hufomatiwa kabla ya kutiwa mfumo. Maalim alikuwa amekwisha kurudi kwenye hesabu za binti.

Baada ya Isha stabilaiza ilirejeshwa juu, na sote tukaisindikiza kwa heshima yake. Mzee akaichomeka, akaiunga na friji, akawasha. Kitaa kidogo cha manjano kikawaka, na friji ikakaa kimya. Stabilaiza za friji zina desturi ya kuuzuia umeme kwa dakika chache kabla ya kuuachia, ili kompresa isilazimishwe kuanza ilhali shinikizo la gesi ndani yake halijatulia. Na mzee, aliyeyajua hayo miaka mingi, alivuta kiti akakaa kwa raha ya mtu aliye kwao. Nasi tukakaa naye, kwa kiasi cha uwezo wetu. Dereva akauliza kama friji ina betri. Fundi wa redio akaweka sikio mlangoni mwake. Bi Mkubwa akashuka kufuata chetezo. Na mpwa wangu, aliyeteswa na nasaha za watu tangu mchana, ambaye kama yupo mtu katika Unguja nzima aliyepaswa kuijua maana ya kitaa cha manjano ni yeye, alijipenyeza nyuma ya friji na bisibisi mkononi, akasema kwa adabu, ‘Babu, kwa ruhusa yako, hebu tuizime kidogo.’