Muulize Bi Chetezo: Wifi Anasema Nimemficha Marashi

Barua za mwezi huu zimeniingia ndani zikinukia, na si zote kwa wema. Moja ilimwagiwa marashi hadi wino ukachuruzika, ikabidi niisomee barazani. Ndugu wasomaji, tajeni jina la marashi, yatosha. Msiniletee na sampuli. Na lile swali la "yapi mazuri kuliko yote" silijibu. Waulizeni wauzaji, kila mmoja ana jibu lake na bei yake.

Shikamoo Bi Chetezo. Kwenye harusi ya binamu wa mume wangu, wifi yangu aliniinamia shingoni akanusa, akaniuliza nimejipaka nini. Nikamtajia jina bila kinyongo, hata duka nikamwelekeza. Kanunua chupa ileile kwa pesa nyingi, kisha kaenda kwa mama mkwe kushtaki kwamba nimemtajia marashi ya uongo, kwa sababu yake yananukia ndimu na mimi siku ile nilikuwa nanukia "utamu wa ndani". Sasa mama mkwe kaninunia. Nimekosa nini?
Mkweli Anayeshukiwa, Tanga

Marahaba mwanangu. Kwanza tuulizane saa. Wifi alikunusa saa ngapi? Harusi za kwetu nazijua. Nakisia pilau lilikuwa limeshaliwa na watu wamevua viatu. Wewe ulijipulizia tangu magharibi. Marashi ya chupa hayanukii kitu kimoja tangu mwanzo hadi mwisho. Yanayoruka kwanza ni yale mepesi, ya ndimu na machungwa. Robo saa haiishi yameshaaga. Nyuma yake yanakuja maua: waridi, asumini, mlangilangi. Yanayobaki usiku mkubwa ni mazito, ya msandali, miski, vanila na ambari. Wifi kanusa mkia wa marashi yako, kaenda dukani kanusa kichwa. Hapo hujamdanganya.

Ila sasa nijibu la pili, maana mama mkwe naye hatakosa kuuliza. Ile nguo uliivaaje? Kama umetoka kwenye nyumba za Tanga ninazozifahamu, ilifukizwa udi tangu mchana. Nywele zilipata mafuta ya nazi yaliyolazwa asumini. Mwili ulisuguliwa liwa, iliyosagwa kwenye jiwe lake na kuchanganywa na maji ya mawaridi. Labda na kikuba kilikuwepo kifuani, rihani na mkadi vimefungwa pamoja. Chupa ilikuja mwisho kabisa, juu ya hayo yote. Ukaulizwa umejipaka nini, ukataja chupa peke yake! Mwanangu, umesema kweli, lakini umesema robo.

Wanawake wengi hufanya hivyo na hawajui kama wanafanya. Mtu anakusifu, unamtajia kile chenye jina na boksi. Liwa haina boksi. Udi aliopika shangazi yako hauna jina. Basi mwenzio anakimbilia dukani kununua kile kipande kidogo kilichokuwa juu, na akifika nacho nyumbani hakuoni wewe ndani yake.

Na ngozi nayo ina neno lake. Ngozi yenye mafuta hushika marashi. Kavu huyaachia upesi. Kama wifi ana ngozi kavu, ajipake kwanza mafuta yasiyo na harufu, kisha ndipo apulizie.

Fanya hivi. Mwite kwako siku isiyo na harusi. Fukizeni nguo pamoja, pakeni liwa ileile, mjipulizie chupa moja, wewe mkono wako na yeye wake. Kisha msinuse. Pikeni, kuleni, msengenyeni mtu mmoja au wawili. Jua likianza kutua, toeni mikono mbele ya mama mkwe anuse yeye. Harufu zitatofautiana, na pengine ya wifi ndiyo itakayopendeza zaidi. Hapo ndipo tutakapojua kama kweli ulimtajia bila kinyongo.

Bi Chetezo, salamu. Meneja wetu akifika tunajua kabla lifti haijafunguka. Madirisha ya ofisi hayafunguki. Mwenzetu mwenye pumu amehamia meza ya karibu na choo, anasema huko kuna nafuu. Nani amwambie, na kwa maneno gani?
Nisiyepumua, Nairobi

Mzee huyo hana ubaya, ila pua yake imestaafu. Pua ikikaa na harufu moja kwa dakika kadhaa huacha kuitolea taarifa; ndiyo maana huijui harufu ya nyumba yako mpaka urudi safari. Anajipulizia asubuhi, hasikii kitu, anaongeza. Mnaosikia ni ninyi.

Halafu angalia umri wake. Waliolelewa na kolonyi walizoea kumimina kiganjani na kujipiga mashavuni. Kolonyi, ambayo ilipata jina lake mjini Köln huko Ujerumani, kwa akina Farina walioanza biashara yao mwaka 1709, ina mafuta ya manukato asilimia 2 hadi 4 hivi. Iliyobaki ni spiriti na maji. Chupa za siku hizi zilizoandikwa eau de parfum zina kama asilimia 15 hadi 20. Mzee kabadilisha chupa, mkono kauacha uleule.

Wewe usimwambie, nakisia mkopo wa nyumba bado unaulipa. Mwenye pumu ndiye mwenye hoja. Aandike kwa wanaoshughulikia mambo ya wafanyakazi, aombe ofisi nzima ipunguze manukato kwa sababu za kiafya, asitaje jina la mtu. Meneja atausoma waraka huo, atatikisa kichwa, na atakubaliana nao kabisa kwamba kuna wafanyakazi wanaozidisha.

Na yule anayekushauri uweke bakuli la buni za kahawa mezani ili kuipumzisha pua, mwambie anywe kahawa yake. Watafiti wa Marekani walilipima jambo hilo, wakatoa majibu mwaka 2011: kahawa haikusaidia pua kuliko hewa ya kawaida. Shuka chini uvute hewa, matatu zikikuruhusu.

Habari za kazi mama. Mimi ni mtu wa Iringa, nimeoa Unguja. Kila Alhamisi jioni mke wangu anawasha chetezo, nyumba nzima moshi, nakohoa hadi majirani wananipa pole. Juzi nimegundua vile vipande anavyochoma vinauzwa bei ya mbuzi. Nikauliza ni mti gani, nikaambiwa ni mti ulioharibika. Mama, hela ya mbuzi kununulia kuni mbovu? Mimi harufu ninayoipenda ni ya sabuni tu.
Macho Mekundu, Mwanakwerekwe

Karibu Unguja, bwana. Umeambiwa kweli tupu. Mti wenyewe wataalamu wanauita Aquilaria, nao huota Asia, tangu Assam kule India hadi visiwa vya Indonesia. Ukiwa mzima, ubao wake ni mweupe, mwepesi, na harufu yake si ya kumsimamisha mtu njiani. Ukijeruhiwa, ukatobolewa na wadudu na kuvu ikaingia, mti hujitetea kwa kutoa utomvu mweusi mzito unaoenea ndani ya ubao kwa miaka. Sehemu hiyo iliyougua ndiyo udi. Si kila mti unaugua, na kwa nje huwezi kujua, kwa hiyo watu walikata misitu wakitafuta. Tangu 2004 aina zote za mti huo zimewekwa chini ya mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini, na leo mwingi hupandwa mashambani ukatobolewa makusudi.

Sasa ujue kwamba udi wa daraja la kwanza kwa bei ya mbuzi ungekuwa zawadi. Anachochoma mkeo, naapa, ni vipande vya ubao vilivyoloweshwa attar, au ni udi wa kupikwa, unaochemshwa na sukari na marashi hadi ukashikana mweusi. Hakuna ubaya, hata kwangu upo, ndani ya kopo la maziwa ya unga. Lakini sukari ikikutana na kaa linalong'aa huungua, na moshi wake ndio huo unaokutoa machozi. Muombe mkeo aliache kaa lifunikwe na jivu jeupe kwanza, aweke kipande kidogo kama ukucha, na chetezo kiwe chini ya nguo, si chini ya pua yako. Harufu ikianza kuwa ya kuungua, kipande kitolewe. Na dirisha lifunguliwe, watu wa Unguja hawadaiwi ushuru wa upepo.

Kuhusu sabuni: hiyo nayo imetiwa marashi, ila kiwandani, na mtu usiyemjua.

Halafu umeniambia ni kila Alhamisi jioni. Bwana, ina maana kisiwa kizima hakuna aliyekueleza kwa nini ni Alhamisi? Kamuulize mkeo. Usimuulize mbele ya watu.

Bibi, mwalimu anasema marashi ya ghali yanatengenezwa kwa uchafu wa wanyama. Ni kweli au anatutania?
Mwanafunzi, Morogoro

Maliza kula kwanza. Ambari ilitoka tumboni mwa nyangumi, ikaelea baharini hadi ikatupwa pwani. Zabadi ilikwanguliwa kwenye tezi za fungo, zilizo chini ya mkia, na Ethiopia ndiyo iliyojulikana zaidi kwa biashara hiyo. Miski ilikuwa kwenye kifuko cha tumboni cha paa dume wa milima ya Asia. Siku hizi karibu vyote hivyo huigizwa maabara, kwa hiyo mama yako asiitupe chupa yake.

Shangazi, mimi kijana wa Kariakoo. Nilipimiwa mafuta ya mfano wa Sauvage, muuzaji akasema ndiyo yanayotamba. Kila msichana ninayekaa naye ananiambia nanukia kama mpenzi wake wa zamani.
Wa Kupima, Dar es Salaam

Muuzaji hakukudanganya hata kidogo. Dior waliitoa Sauvage mwaka 2015, ikauzwa dunia nzima, na mifano yake kwenye vichupa vya kupima haina idadi. Umenunua harufu ya wavulana wote wa rika lako, unashangaa kukumbushiwa mmoja wao. Rudi kwa muuzaji, mwambie akupe kile ambacho hakijatoka wiki nzima. Akikuonyesha kitu cha karafuu au ubani akakunja uso, chukua. Na usijipake kwenye meza yake ukalipa hapohapo. Zunguka sokoni hadi adhuhuri kwanza. Wifi wa Tanga angekuwa amelijua hilo, barua ya Mkweli Anayeshukiwa isingenifikia.

Assalaam alaykum Bi Chetezo. Mama mdogo wa Maskati aliniletea chupa ya Amouage. Nimeiweka sebuleni kwenye kabati la kioo, dirishani, kila mgeni aione. Naitunzia harusi ya binti yangu. Mume wangu anataka kuifungua siku ya Idi. Mkataze.
Mtunza Hazina, Temeke

Wa alaykumu salaam. Binti yuko darasa la ngapi? Hukusema, na nimeona kwa nini.

Amouage ilianzishwa Oman mwaka 1983 kwa matakwa ya Sultani Qaboos, aliyetaka ufundi wa manukato wa nchi yake urudi kuheshimiwa. Marashi yake ya kwanza yalitungwa na Mfaransa, Guy Robert, na ubani wa Dhofar ulikuwa ndani yake. Hakuna katika hao aliyekusudia yawekwe dirishani Temeke. Mwanga na joto ndivyo vinavyoua marashi: rangi inakolea, ile harufu ya mwanzo inachacha, inayobaki inakaribia siki. Unawaonyesha wageni hazina huku jua linaikaanga mbele yao. Irudishe ndani ya boksi lake, boksi liingie kabati la nguo, kwenye giza na ubaridi. Bafuni usipeleke, mvuke nao ni adui.

Na Idi ifunguliwe. Binti akifika wakati wake ataolewa akinukia kitu ambacho wewe utakichukia, kama mama yako alivyokichukia chako.

Bi Chetezo mpenzi, wageni wangu hawaondoki. Kahawa wamekunywa, kaimati wamemaliza, saa sita ya usiku bado wanahadithiana. Nimesikia Uarabuni kuna njia ya adabu.
Mwenyeji Aliyechoka, Mombasa

Ipo. Oman na nchi nyingine za Ghuba chetezo hupitishwa mwisho wa ziara. Wanaume wanauvutia moshi kwenye ndevu na kilemba, wanawake kwenye buibui na nywele, huenda na mrashi wa maji ya mawaridi ukapita, yale ya Jabal Akhdar yenye harufu ya moshi kidogo. Kisha watu wanainuka. Kila mtu anajua kwamba udi ukishapita hakuna tena kukaa, na hakuna aliyefukuzwa.

Lakini hao ni wageni wa Mombasa. Ukiwaingizia chetezo saa sita ya usiku watadhani maulidi ndiyo kwanza yanaanza, na wataulizana biriani iko wapi. Kwa hiyo chetezo usikiingize. Kiwashe nje, barazani, kwenye upande wa upepo, na viatu vyao uvipange karibu yake.