Bibi Kinu Akujibu: Mnamsingizia Jirani, Kosa Liko Mashineni

Barua za juma hili zinawashitaki jirani, mkwe, mume na wazee wenzao. Nimezisoma zote, na karibu kila moja inaishia mlangoni kwa kijana wa mashine ya kusaga.

*Shikamoo Bibi. Napika mbege hapa Kibosho. Siku hizi wateja wa mchana wananung'unika kwamba nawauzia maji, wa jioni kwamba nawauzia uji, na pipa ni lile lile. Jirani yangu alipita uani nikiwa nachuja nyalu ya ndizi, akatabasamu. Nimwite mganga? – Mama Pipa*

Marahaba mwanangu. Mwache jirani atabasamu, meno ni yake. Kimea chako cha ulezi kinarudi kutoka mashineni kikiwa chenga, na chenga hazielei. Zinatuama chini ya pipa, juu panabaki maji ya ndizi. Nenda ukamuulize kijana amefunga chekecheo gani. Punje ya ulezi ina upana wa milimita moja na nusu hivi. Kama mashine imetoka kuparaza mahindi ya kuku na matundu yake ni ya milimita tatu, sehemu ya ulezi wako inaingia nzima na kutoka nzima, nawe umelipia matembezi. Punje isiyopasuka haitoi wanga, na vimeng'enya vilivyoamka kimea kilipochipua havina cha kugeuza kuwa sukari. Dai chekecheo la unga wa uji, tundu la milimita moja au chini ya hapo. Kimea nacho kiwe kimekauka hadi kilie kikitafunwa. Kibichi huziba matundu, na hapo ndipo vijana wa mashine hujifunza matusi. Ukifika kwenye mso, yaani uji wa kimea, pandisha moto taratibu. Vimeng'enya hufanya kazi uji ukiwa wa moto usiochemka, ukichemka, vimekufa.

Mganga abaki kwake. Akitaka mbege, anunue kama wengine.

*Bibi, nimeolewa Singida. Mama mkwe hanipi ruhusa ya kwenda kusaga kimea cha mtama mpaka nikipukuse na kukipepeta, vichipukizi na vijimizizi vyote vitoke. Kazi ya siku nzima, na debe linapungua! Mume wangu ananyamaza tu. – Mkamwana Aliyechoka*

Mumeo ananyamaza kwa sababu anamjua mama yake tangu zamani. Na safari hii mama yake ana haki. Mtama ukichipua, machipukizi na mizizi yake hujaa dhurini, ambayo ikipondwa na kukutana na maji huachia sianidi, sumu hiyo hiyo ya mihogo michungu. Yakiwa bado kwenye punje, unayapukusa kwa viganja. Yakishasagwa pamoja na kimea, nani atayachambua? Kupika hufukuza sehemu ya sumu, lakini usiutegemee moto kwa kazi ya ungo. Hayo uliyopepeta usiwamwagie kuku, na mama mkwe mpelekee kata ya kwanza.

*Mahindi yetu yameota ukungu wa kijani. Mume anasema yakisagwa hautaonekana, tupikie pombe ya komoni. – Wa Mbeya*

Huko kutoonekana ndiko kubaya. Sumukuvu, sumu ya ukungu huo, haifi mashineni, haifi chunguni, haifi kwa kuchachuka. Mwaka 2004 mahindi ya namna hiyo yaliwafanya watu 317 waugue nchini Kenya, wengi upande wa Makueni na Kitui, 125 walikufa. Fukieni. Mumeo anywe maji.

*Sisi wazee wa Busia tunakunywa malwa kwa mirija kutoka chungu kimoja. Tangu mama mwenye chungu aanze kusagisha kwenye mashine mpya, mrija wangu unaziba. Nanyonya mpaka mashavu yanauma, wenzangu wananimalizia. – Mzee Mashavu*

Pole mzee wangu. Kesi yako ni kinyume cha ya Mama Pipa. Ninyi hamchuji kabla ya kunywa. Kichujio chenu ni kile kijikapu kilichosukwa kwenye ncha ya mrija. Wimbi, yaani ulezi, ukisagwa laini sana, yakimiminwa maji ya moto chunguni hugeuka tope, na tope halipiti kwenye kijikapu. Chenga ndizo zinazoacha njia. Bibi zetu walizipata bila kuziomba, maana jiwe la kusagia halisagi punje zote sawasawa: unga laini unawahi kutoa utamu, vipande vikubwa vinashikilia chungu kisizibe. Mashine haina huruma hiyo. Mama achanganye sehemu iliyosagwa laini na sehemu iliyoparazwa tu. Nawe upunguze pupa. Anayenyonya kwa nguvu ndiye anayelivuta tope lote upande wake.

*Bibi, niko Minnesota. Ndizi za mbege sizipati, nikanunua kimea cha shayiri nipike bia. Nilikisaga kwenye blenda ya mke wangu mpaka kikawa poda. Kuchuja nilianza mchana, hadi usiku maji hayajashuka. Mke hanisemeshi. – Mrombo wa Barafuni*

Umesonga ugali. Shayiri ina ganda gumu, na maganda hayo yakilala chini ya chombo ndiyo chujio lenyewe. Wewe umelisaga chujio. Tafuta kinu cha rola mbili, uziachanishe kama milimita moja: punje ipasuke tumbo, ganda libaki zima. Ukikinyunyizia kimea maji kidogo sana muda mfupi kabla ya kusaga, ganda linalegea na halivunjiki ovyo. Maganda yaliyosagika, ukiyasuuza kwa maji yanayokaribia kuchemka, huipa bia ukakasi wa ndizi mbichi. Kama rola ni ghali, tumbukiza kimea sufuriani kikiwa ndani ya mfuko wa kitambaa chepesi. Hapo unaweza kusaga laini zaidi, kwani unanyanyua mfuko na kuukamua.

Blenda mnunulie mpya. Hiyo usimrudishie hata ukiiosha mara saba.