Nani Alikufa Hapa?

Shemeji yangu hajawahi kutazama hata dakika moja ya Game of Thrones, na ndiye mwenye gari. Yaliyotupata yote yanaanzia hapo.

Ni mtu wa Tanga, mpole, mpenda mpira na taarabu za zamani, anayelala saa tatu usiku hata kama nyumba ina wageni. Yeye na mdogo wangu, ambaye ni muuguzi, wamehamia Belfast, mji ambao wengi wetu tuliusikia kwa habari za mabomu na meli ya Titanic. Mimi niliufahamu kwa njia nyingine. Tangu Aprili 2011 mpaka Mei 2019 nilikuwa mateka wa tamthilia ile, misimu minane, sehemu 73, na hasira za msimu wa mwisho bado ninazo. Nilikuwa naitazama nyumbani Sinza, kwa flashi niliyokuwa nikijaziwa na kijana mmoja wa dukani ambaye kuna siku alinijazia mahubiri. Ile harusi ya msimu wa tatu ndiyo sitaisahau. Milango ya ukumbi imefungwa, wanamuziki wamebadilisha wimbo, Catelyn, mmoja wa wageni, ameanza kuelewa kinachoendelea, umeme ukakatika mtaa mzima. Nililala roho juu. Alfajiri jirani akanisalimia toka ng'ambo ya ukuta, mswaki mdomoni: "Mama, wamekwisha wote. Hata yule mwenye mimba."

Jirani huyo hatusemezani sana mpaka leo.

Basi mdogo wangu aliponiambia, "Dada, njoo upumzike kidogo," sikuwa na nia yoyote ya kupumzika. Nilitua na daftari. Waliotengeneza tamthilia ile walizunguka nchi nyingi: Kroatia ilipewa jua, Iceland ikapewa theluji, Ireland ya Kaskazini ikapewa matope. Lakini nyumbani kwao hasa palikuwa Belfast, kwenye jengo moja kubwa la bandarini lililokuwa likitumika kupakia rangi vipande vya meli, jirani kabisa na pale Titanic ilipoundwa. Majumba ya kifalme yalijengwa humo ndani kwa mbao na plasta. Mdogo wangu hupita karibu na hapo akienda kazini, na hajawahi hata kugeuza shingo.

"Sasa tunakwenda kuona nini hasa?" shemeji aliuliza tulipoanza safari ya pwani ya Antrim.

"Mahali walipopigia picha."

"Picha za nani?"

"Watu ambao hawakuwahi kuwepo."

Alinitazama kwenye kioo, akawasha vifuta vioo. Mvua ilikuwa imeanza.

Tulisimama kwanza Cushendun, kijiji kidogo cha nyumba nyeupe, na nyuma ya nyumba hizo kuna mapango mekundu yanayotazama bahari. Niliingia nikiwa nimeshika kifua. Shemeji aliingia ameshika chupa ya chai. Akapapasa ukuta, akanusa, akauliza swali ambalo lingetufuata safari nzima: "Enhe. Nani alikufa hapa?"

Nikamweleza kwamba hapa hakufa mtu, ila palizaliwa kivuli. Yule mwanamke mwenye mavazi mekundu, Melisandre, aliletwa humu kwa mashua usiku, akavua joho, akajifungua kivuli chenye umbo la mtu, nacho kikaondoka kwenda kumuua Renly, na baba wa kivuli hicho ni Stannis, kaka yake Renly. Nilisimulia kwa mikono yote miwili. Watalii wawili walisogea kusikiliza ingawa Kiswahili hawajui.

Shemeji akamimina chai. "Na huyo mwanamke alilipwa kiasi gani?"

"Hakulipwa. Ni imani."

"Kwetu Tanga kazi hiyo inafanywa mchana, na mashua haihitajiki."

Mbele zaidi kuna machimbo ya zamani ya mawe, Larrybane, ambako kambi ya Renly ilisimikwa, mahema na bendera na wapanda farasi. Nilikuwa nimepanga kusimama pale kwa heshima kidogo. Tukakuta pamegeuzwa maegesho ya magari. Shemeji alifurahi, maana alikuwa anatafuta pa kuegesha. "Kile kivuli kilimfikia?" aliuliza akirudi kinyumenyume. Nikamwambia kilimfikia, ndani ya hema, akiwa anavuliwa deraya. Akavuta breki ya mkono, akasema, "Mungu amrehemu, lakini angeweka mlinzi mlangoni." Mlinzi alikuwepo, tena mwanamke mrefu kuliko wanaume wote, lakini kueleza habari za Brienne kunataka siku nzima. Hapo jirani kuna daraja la kamba la Carrick-a-Rede, urefu mita 20, juu ya maji mita 30, lililoanzishwa na wavuvi wa salmoni katika karne ya 18. Lilikuwa limefungwa kwa sababu ya upepo. Mdogo wangu alimshukuru Mungu kwa sauti.

Upepo huo huo ulikuwa unatusubiri Ballintoy.

Bandari ya Ballintoy iko chini ya mwamba, na barabara ya kuteremka inajikunja mpaka abiria wa nyuma anaona namba za gari lake mwenyewe. Kwenye tamthilia ndiyo Pyke, kisiwa cha kina Greyjoy. Niliamua hapo ndipo nitakapovaa joho. Nilikuwa nimeliazima kwa mfanyakazi mwenzake mdogo wangu: jeusi, zito, lina manyoya ya bandia mabegani, la kiume. Chini yake nilikuwa na sweta mbili na kanga, maana kanga siiachi, na kichwani kilemba. Nikasimama ukingoni mwa gati, nikaweka uso wa mtu aliyenyang'anywa kiti cha enzi, mdogo wangu akainua simu. Joho likajaa upepo kama tanga la jahazi. Nilikwenda hatua kadhaa ambazo sikuzipanga, upande wa majini, na kilichoniokoa ni rundo la mitego ya kaa. Picha zilizotoka ni tatu: ya kwanza mimi na hadhi yangu, ya pili joho peke yake, ya tatu shemeji anakimbia.

Wakati shemeji anakimbia, aliacha sambusa juu ya boneti ya gari. Shakwe wa Ballintoy wanajua kazi yao. Mmoja alitua, akaichagua ya nyama akaziacha za viazi, akaruka nayo mpaka juu ya paa la kibanda, akaila akitutazama. Shemeji hakusema neno. Alibaki ameshika leso ya karatasi iliyokuwa chini ya sambusa.

Kukawa kimya kidogo, ndipo bibi mmoja wa Kimarekani akanijia taratibu, ameshika simu kwa mikono miwili. Alitaka kujua kama mimi ni mmoja wa waigizaji. Mdogo wangu alifungua mdomo, nikamkanyaga mguu. Bibi alikuwa ametoka mbali na mvua ilikuwa inamnyea. Nikapiga naye picha, nikiwa na lile joho lililolowa na kanga inachungulia kwa chini. Akaondoka ana furaha, nami nikamwacha na imani yake.

Ballintoy ndipo Theon Greyjoy aliporudi kwao katika msimu wa pili. Alilelewa ugenini tangu utotoni, akaja na mavazi mazuri na barua mfukoni akitegemea ngoma na vigelegele, na bandarini hakuna aliyemjua. Hata dada yake alimpakia kwenye farasi bila kumwambia yeye ni nani, na mambo aliyoyafanya Theon juu ya farasi huyo siwezi kuyaandika. Nilipofika hapo kwenye kusimulia, mdogo wangu, ambaye nyumbani hajakanyaga tangu mtoto wao Aisha azaliwe, alicheka kidogo kisha akatazama maji. "Mimi nikija mtanipokea uwanja wa ndege na Noah au mtaniambia nichukue bodaboda?" Nikamwambia inategemea zawadi.

Jua linalozama, kama lilikuwepo, lilitukuta kwenye ile barabara ya miti, Dark Hedges. Picha yake mmeiona hata kama tamthilia hamjaiona: miti mikubwa imepandwa pande mbili, matawi yamefumana juu. Familia moja ya kina Stuart iliipanda katika karne ya 18 ili mgeni anayekwenda kwenye nyumba yao ya Gracehill aanze kuogopa utajiri wao kabla hajabisha hodi. Upepo, uzee na msumeno vimeipunguza sana. Tufani ya Januari 2016 iliangusha miwili, na watu wa huko wakaikata mbao, wakachonga milango 10 yenye michoro ya msimu wa sita, wakaigawa kwenye baa mbalimbali ili watalii wazunguke nchi wakifungua milango. Nililisikia hilo kwa wivu. Kwetu mti ukianguka Jumatatu, Jumatano uko Manzese kwenye magunia ya mkaa.

Magari hayaruhusiwi kuingia tangu 2017, kwa hiyo tulitembea. Tulikuta umati wa watu wa kila taifa, na kila mmoja wao alikuwa anasubiri wengine waondoke ili apige picha ya barabara tupu. Hakuna aliyeondoka. Kijana mmoja alilala chini kwenye dimbwi ili kamera yake isione vichwa.

"Hapa lazima alikufa mtu mkubwa," shemeji alisema.

"Hapa hakufa mtu. Msichana mmoja anaitwa Arya alipita, amejifanya mvulana, yuko kwenye mkokoteni."

"Akafanya nini?"

"Alipita tu."

"Kwa muda gani?"

Sekunde chache, nikamwambia. Mwanzo wa msimu wa pili. Shemeji akawatazama watu wale wote, akamtazama yule aliye kwenye dimbwi, akanitazama mimi na joho langu linalochuruzika. Najua alikuwa na la kusema. Malezi ya Tanga yalimzuia.

Hapo ndipo mwenyeji mmoja aliyekuwa anatembeza mbwa wake alitusimulia kwamba miti hiyo ina mwanamke wake. Mwanamke wa kijivu, hupita barabarani magharibi ikiingia, akifika mti wa mwisho hutoweka. Alisimulia huku anacheka. Mdogo wangu alitafsiri huku anacheka. Shemeji hakucheka. Kivuli cha Cushendun kilikuwa cha televisheni na alishakidharau mbele ya mashahidi, lakini huyu alikuwa na barabara yake, saa yake na mti wake. Alitazama saa. Akatazama barabara, ambako kijivu hakikukosekana. "Mama Aisha," alisema kwa upole kabisa, "gari liko mbali, tuanze kutembea." Tuliporudi mjini alikuwa bado hajazima taa ya ndani.

Sikutegemea atakubali kutoka tena. Lakini Castle Ward iko upande wa pili, kusini, mbali na miti ile, na alisikia kuna kulenga shabaha. Ukifika unakutana kwanza na jumba lenye nyuso mbili. Lilijengwa na bwana mmoja wa karne ya 18, Bernard Ward, ambaye hakuelewana na mkewe, Lady Ann, kuhusu mtindo wa nyumba. Mume alitaka nguzo za Kiyunani, mke alitaka madirisha yaliyochongoka kama ya makanisa ya zamani. Wakajenga upande wa mbele wa mume na upande wa nyuma wa mke, hata vyumba vya ndani vikagawanywa hivyo hivyo. Mdogo wangu alilizunguka jumba lote akiuliza kama wana ramani yake.

Winterfell yenyewe, ile ngome ya kina Stark kwenye tamthilia, ni ua wa shamba la zamani na mnara mmoja. Ngome iliyobaki ilijengwa kwenye kompyuta. Mimi nilisimama pale nikitafuta kuta ambazo hazijawahi kuwepo, nikajisikia kuibiwa na kuburudishwa kwa wakati mmoja. Shemeji hakuwa na kompyuta kichwani. Alivalishwa joho, akapewa upinde, akaonyeshwa pale watoto wa Stark walipokuwa wakijifunza kulenga katika sehemu ya kwanza kabisa. Mshale wake wa kwanza ulikwenda kwenye majani. Wa pili uliingia katikati ya duara, ukatetemeka. Watu wakapiga makofi. Mwalimu akamwambia leo yeye ndiye Ned Stark, akamshikisha upanga, akampa cheti kimeandikwa kwa herufi za mapambo: Bwana wa Winterfell.

Njia nzima ya kurudi maswali yalikuwa ya aina nyingine. Huyu Stark ni mtu wa namna gani? Mtu wa haki. Ana watoto? Wengi. Wanamheshimu? Sana. Mkewe? Anampenda. "Na mwisho wake?" Mdogo wangu akageukia dirishani. Nami nikakumbuka jirani yangu na mswaki wake, nikasema, "Tazama mwenyewe, shemeji."

Cheti kilibandikwa kwenye mlango wa friji. Usiku ule saa tatu ilipita shemeji yuko macho, kesho yake vilevile. Alikuwa akisimamisha picha ili atueleze kwa nini Ned yuko sahihi. Alimwambia Aisha mtu mzima anatakiwa kusimamia ukweli hivi. Alipofika sehemu ya tisa sisi tulishakwenda kulala, kwa makusudi, tukafunga mlango. Tulisikia kelele za umati wa kwenye televisheni, halafu kimya, halafu sauti ya shemeji, si kubwa: "Hawa watu wana akili kweli?" Kisha swichi ikazimwa.

Asubuhi nilimkuta amekwishaondoka kwenda kazini. Cheti kilikuwa bado kwenye friji. Mbele ya jina lake, kwa kalamu ya Aisha ya rangi, alikuwa ameongeza neno: Marehemu.