Mwenyeji Asiyekuwepo

Nyumba ya kupangisha kwa siku, ambayo watu wa Mombasa huiita Airbnb hata pale isipokuwa na uhusiano wowote na kampuni yenye jina hilo, ni nyumba iliyotiwa samani, vyombo na shuka, kisha ikakodishwa kwa mgeni kwa usiku mmoja, kwa wiki, au kwa kadiri mfuko wake unavyomruhusu. Mwenye kuikodisha huitwa mwenyeji, na istilahi hii yafaa ipokewe kwa tahadhari, kwa kuwa katika majengo ya ghorofa yaliyoota Nyali, Bamburi na Shanzu, jambo la hakika kumhusu mwenyeji ni kwamba hayupo. Aghalabu yuko Nairobi, karibu kilomita 480 kutoka kilipo kitanda anachokipangisha. Wengine wako Dubai au Toronto, na huyo wa Toronto amelala fofofo wakati mgeni wake amesimama bafuni asubuhi, mwili mzima povu, akisubiri maji yarudi.

Mambo hayakuanza hivyo. Mwaka 2007, huko San Francisco, vijana wawili, Brian Chesky na Joe Gebbia, waliokuwa wamebanwa na kodi ya nyumba, walitandika magodoro ya kujazwa upepo sebuleni mwao na kuwalaza wageni watatu waliofika mjini kwa ajili ya mkutano wa wabunifu wakati hoteli zimejaa. Mwaka uliofuata wakaanzisha kampuni hiyo ya Airbnb. Wasomi wa biashara husifu sana magodoro hayo, lakini huliacha lililo kubwa zaidi, nalo ni kwamba wenyeji wale walikuwa humo humo ndani, na bomba lingepasuka wangeloa pamoja na wageni wao. Mwenyeji wa Nyali haloi. Yeye hutumiwa picha ya mafuriko kwa WhatsApp, akajibu kwa alama ya viganja viwili vilivyokutanishwa, alama ambayo hadi leo haijaziba bomba lolote.

Msukosuko ulio wa kawaida kuliko yote ni wa umeme. Umeme wa nyumba hizi hulipiwa kabla ya kutumiwa: mwenyeji huununua kwa simu, akaletewa tokeni, yaani mfuatano wa tarakimu 20 ambazo sharti mtu aliye mbele ya mita azibonyeze kwa kidole chake, moja baada ya nyingine. Mgeni aliyewasha viyoyozi vya vyumba vyote, kisha akafungua milango ya roshani ili apate na upepo wa bahari, ambao kwa kweli ni mzuri, huweza kumaliza kwa siku mbili umeme uliokusudiwa kukaa wiki. Giza likiingia, mgeni humpigia mwenyeji, na mwenyeji, kwa kanuni ambayo haijawahi kuandikwa popote, huwa yuko harusini. Atazisoma tarakimu nne nne kwa sauti kubwa huku ngoma ikimjibu nyuma, mgeni atasikia tisa palipotajwa sita, mita itakataa, wataanza upya. Baada ya mara kadhaa huitwa askari wa getini, ambaye huingiza tokeni yote gizani bila kuitazama mita, kwa kuwa ameshaifanya kazi hiyo kwa jengo zima na halipwi kwa hiyo hata senti.

Maji nayo yana kisa chake. Ya mfereji hayatoshi mji, hivyo majengo mengi hutegemea visima, na visima vilivyo karibu na bahari hutoa maji yenye chumvi ambamo sabuni haitoi povu kwa urahisi. Mgeni wa kutoka bara, asiyeijua tabia hiyo, humimina chupa nzima kichwani akingoja povu lisilokuja, kisha huandika kwamba nyumba ni safi lakini sabuni yake ni ya bandia.

Kuandika huko ndiko kunakohitaji maelezo marefu kidogo, kwa sababu ndiko roho ya mwenyeji ilikotundikwa. Mgeni akishaondoka hupewa siku 14 za kutoa maoni na kuitunuku nyumba nyota, kuanzia moja hadi tano, na kampuni humtaka mwenyeji anayewania daraja la juu awe na wastani usiopungua 4.8. Kwa hesabu hiyo, nyota nne, ambazo kwa mwanafunzi wa shule ni asilimia 80 na mzazi angechinja kuku, kwa mwenyeji ni jeraha: mgeni mmoja wa nyota nne huhitaji wageni wanne wa nyota tano ili wastani urudi mahali pake. Na mgeni wa nyota nne, jambo la kusikitisha, mara nyingi hana lalamiko. Huandika kwamba kila kitu kilikuwa kizuri, ila hana desturi ya kutoa tano, kwa kuwa ukamilifu ni wa Mungu.

Wengine hulalamikia bahari. Picha za nyumba hupigwa maji yakiwa yamejaa, tena wakati wa bamvua, yaani zile siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu ambapo maji hujaa mno na kupwa mno, tofauti yake pwani ya Mombasa ikipita mita 3. Mgeni huiona picha hiyo, akalipa, akafika, akafungua pazia saa nne asubuhi siku ile ile ya bamvua, na mbele yake hakuna bahari: kuna mchanga, mwani, vidimbwi, mashua iliyolala ubavu, na kina mama wanaotembea kwa miguu pale palipoogelewa kwenye picha. Simu hupigwa Nairobi. Mwenyeji huapa kwamba maji yatarudi baada ya muda wa saa sita, na mgeni, ambaye tayari ameahidiwa kurudi kwa maji ya bafuni kwa maneno hayo hayo, hamwamini. Katika mgogoro huu haki yote iko kwa bahari, lakini bahari haina ukurasa wa kupewa nyota.

Wanyama wana mchango wao. Mjusi kafiri, yule mdogo wa ukutani anayekula mbu bila malipo, ameshawafanya wageni wazima wakalale sebuleni taa zikiwaka, jambo linaloturudisha kwenye tokeni. Kunguru, ambaye aliletwa Unguja kutoka Bara Hindi mwishoni mwa karne ya 19 ili asaidie kuondoa taka, kisha akaenea pwani bila leseni, tofauti na mwenyeji ambaye biashara yake inatakiwa kuwa nayo chini ya Sheria ya Utalii ya mwaka 2011, huibeba sabuni kutoka roshani na kuidondosha kwa jirani.

Kuhusu idadi ya wageni, yatosha kusema kwamba familia iliyoomba nafasi ya watu wanne huteremka kumi na mmoja, ikiwa na sufuria ya pilau na magodoro yake yenyewe, na ikiulizwa getini hujibu kwamba watoto hawahesabiwi, hata wale wenye ndevu.

Linalomaliza pesa polepole, hata hivyo, ni shuka. Mwenyeji hununua nyeupe kwa sababu nyeupe hupendeza pichani, na wageni wa kike huenda ufukweni wakachorwa hina na piko, wakarudi wakalala kabla haijakauka. Asubuhi mto unakuwa na ua zima la kahawia, majani na vikonyo vyake, limechapwa vizuri kuliko lilivyobaki mkononi. Mama wa usafi hujaribu ndimu, chumvi, jiki, na jua la saa saba. Ua hufifia, lakini haliondoki.

Huyo mama wa usafi ndiye mwenyeji halisi. Yeye ndiye anayejua koki ipi ifungwe, sufuria ipi imeungua ikafichwa nyuma ya kabati, na maji yanakupwa saa ngapi, na nyota tano zikija huandikwa jina la mtu wa Nairobi. Basi anayekusudia kuingia katika biashara hii kabla ya msimu wa Desemba anaombwa, kabla hajanunua mapazia na picha za jahazi za kutundika ukutani, anunue tangi la pili, shuka za kahawia, na jedwali la kupwa na kujaa la bandari ya Kilindini; na amwongezee mama wa usafi mshahara, kwa kuwa siku atakayoacha kazi, mwenyeji atalazimika kupanda treni ya SGR na kwenda kuwa mwenyeji kwa mara ya kwanza.